Jumapili Tisa za Watasema

Nyinyi niliowaacha ofisini Lambwe mmeniuliza mara nyingi habari za lile sanduku la mbao lililo nyuma ya mlango, ambalo miaka yote sikuruhusu mtu aweke ndani yake kitu chenye uhai. Kuku wa mlinzi alipokosa pa kutagia, nilikataa. Paka wa ofisi alipolijaribu, nilimfukuza kwa ufagio. Mkasema mama huyu ana roho ngumu. Sasa nimestaafu, nina muda na nina kiti kizuri, kwa hiyo nitawaeleza. Vyeo nilivyopata na nilivyonyimwa sitavitaja, viko kwenye faili, na faili langu najua mmeshalisoma.

Kwa yule ambaye hatukuonana, jina langu ni Boke, Mkuria wa upande wa Migori kule karibu na mpaka. Nimekuwa msaidizi wa afya ya mifugo tangu nikiwa msichana mwembamba. Watu walituita madaktari, na sisi hatukuwakatalia.

Siku yangu ya kwanza kazini, hapo hapo Lambwe, nilifika na buti mpya zilizonibana na begi lenye kila kitu tulichotajiwa chuoni. Mzee Ogola, aliyekuwa msimamizi wa josho la kuogeshea ng'ombe, aliniangalia kuanzia buti mpaka kitambaa cha kichwani, halafu akachungulia nyuma yangu kuona kama daktari mwenyewe anakuja. Nikamwambia ni mimi tu. "Sawa," akasema, "basi kaa hapo, angalia yule ng'ombe. Usimguse. Nikirudi utaniambia ana shida gani." Akaenda kunywa chai. Aliporudi nilimpa majina matatu ya magonjwa, moja la Kilatini. Alisikiliza kwa heshima mpaka mwisho. Kisha akasema ng'ombe yule hana ugonjwa, ila ndama wake amefungwa upande wa pili wa ua na hamwoni. Tukamfungua ndama, na shida ikaisha.

Dholuo changu wakati huo kilikuwa cha kuombea maji tu, kwa hiyo Mzee Ogola alinifundisha kazi kwa Kiswahili chake, ambacho hakikujali sana ngeli. Alinifundisha kutega mbung'o kwa vitambaa vya bluu, kumwangusha fahali kwa kamba moja, na kutokubali chai kabla ya kunawa. Lakini somo ninalomkumbukia zaidi ni la ng'ombe wa homa ya maziwa. Ng'ombe huyo alikuwa amezaa jana yake, leo amelala chini, shingo imepinda, masikio baridi, mwenyewe ameshaita wachinjaji. Mzee Ogola alitoa chupa ya kalsiamu akaiweka kwapani, ndani ya shati, akakaa chini kama mtu anayengoja kinyozi. Nikamuuliza tunangoja nini. "Ipate joto la mwili," akasema. "Wewe ukipigwa sindano ya baridi kwenye damu utafurahi?"

Ilipopata joto aliitia mshipani taratibu, tone kwa tone, mkono wake mmoja ukiwa nyuma ya kiwiko cha kushoto cha ng'ombe, penye moyo. Kipimo cha kusikilizia moyo hakuwa nacho. Mimi nilikuwa nacho, kipya, shingoni, na nikamwonyesha. Akaniambia nikitunze, ni kizuri, lakini vifaa husahaulika nyumbani na mkono hausahauliki. Halafu akasema, "Dawa hii ukitembea nayo, inakufikisha. Ukikimbia nayo, inamfikisha ng'ombe kwa wale mabwana wenye visu." Ng'ombe alicheua, akajikokota, akasimama. Wachinjaji wakaondoka wakinung'unika.

Baada ya miaka kadhaa nikahamishiwa Migori, huko Osiri kwenye machimbo ya dhahabu. Ng'ombe walikuwa wachache, na hao wachache kazi yangu ilikuwa kuwazuia wasinywe maji yaliyooshewa dhahabu. Mbwa walikuwa wengi. Kila kinu cha kusagia mawe kilikuwa na mbwa wake wa kulinda. Lakini mbwa hatukufundishwa. Mbwa kwetu alikuwa chanjo ya kichaa mara moja kwa mwaka, na kwaheri.

Mzee Maroa, mlinzi wa kinu kimoja, alikuwa mtu wa kwetu, Mkuria. Alikuwa na mbwa jike aliyeitwa Pendo, mimba ya kwanza, tumbo karibu linagusa chini. Akanijia akinyenyekea kana kwamba anaomba kitu cha serikali, akauliza kama mimi pia huzalisha mbwa. Nilifurahi kuulizwa. Nikamtafutia fundi akatupigia sanduku zuri la mbao, upande mmoja mfupi ili mama aruke na watoto wasitoke. Nikatandika magunia safi. Halafu nikawaza habari ya viroboto, maana pale Osiri viroboto walikuwa wanauma hata viatu. Mimi mtu wa ng'ombe nikafanya kile ambacho mtu wa ng'ombe hufanya. Nilichukua dawa ya kupe, ile ya josho, nikaipima vizuri kama kibandiko kilivyosema, nikaloweka magunia na kulisugua sanduku ndani na nje. Nilipima kwa uangalifu sana. Hilo ndilo huniuma hadi leo, kwamba nilipima.

Pendo alizaa sita, wote wazima, wote wakanyonya. Jioni yake mmoja akalegea. Kesho yake watatu. Siku ya tatu sanduku lilikuwa kimya, na Pendo alikuwa bado anawalamba, anawageuza kwa pua, anawapanga. Nilinusa yale magunia, nikainusa ile mbao, nikajua. Mtoto wa mbwa ngozi yake ni laini kama utando wa maziwa. Dawa inayomfaa ng'ombe wa mwaka wa saba, yeye inamuua. Nilimwambia Mzee Maroa ukweli pale pale, maana nilifundishwa na mama yangu kwamba kosa likilala ndani ya nyumba linaota. Alimvuta Pendo taratibu kutoka sandukuni. Kisha akasema, "Binti yangu, wewe ulitaka wasiumwe." Siku mbili baadaye alinirudishia sanduku. Alikuwa ameliosha.

Ndilo hilo mnalolikuta nyuma ya mlango. Mbao haisahau ilichonyweshwa, ndiyo maana sikutaka hata kifaranga alale humo. Nilizunguka nalo kila nilikohamishwa, nikiweka ndani buti na vitabu vya chanjo. Nililia sana kwa ajili ya wale sita, na sioni haya kuwaambia.

Miaka yangu ya Homa Bay mjini ndiyo niliyojifunzia mbwa kwa makusudi. Niliomba vitabu, nikauliza wakubwa zangu mpaka wakanikimbia kwenye korido, nikawafuata mbwa wa soko la samaki nione wanavyojichimbia. Niliyoyapata ni haya. Mbwa hahitaji hoteli, anahitaji mahali pakavu ambapo amepachagua, nawe ulete sanduku hapo, si umlete yeye kwenye sanduku. Akae nalo wiki mbili kabla ya kuzaa ili alizoee. Ndani, kandokando, piga fito nyembamba juu kidogo ya sakafu, kama kwa nguruwe, ili mama akilala asimbane mtoto ukutani. Tandika vitambaa vikuukuu vilivyochemshwa, vikaanikwa juani na kupigwa pasi ya makaa. Jua na pasi ndiyo dawa ya viroboto, hakuna nyingine. Weka tayari uzi na mkasi uliochemshwa, iodini, taulo kavu, na chupa ya maji moto iliyovalishwa soksi. Na kabla ya yote hayo, uliza anakula nini. Hili la mwisho nililijua kichwani. Mtaona nililifanyia nini.

Nilimalizia kazi Lambwe, kule kule nilikoanzia. Mzee Ogola alikuwa ametangulia mbele ya haki, josho lake limebaki ukuta na nyasi. Ndipo nikakutana na Min Otieno, yaani mama yake Otieno, mjane aliyekaa peke yake na mbuzi zake kumi na mbwa mmoja, mwendo mfupi kutoka uzio wa mbuga ya Ruma. Min Otieno alikuwa kiziwi. Hakuzaliwa hivyo. Homa ya uti wa mgongo ilimchukulia masikio akiwa mtu mzima, baada ya miaka mingi ya kuuza samaki Homa Bay, kwa hiyo kusema alisema vizuri tu, kwa sauti ya soko, na Kiswahili alikisoma kwenye midomo ya mtu. Asiposhika neno, alikunyoshea mkono uandike kwa biro kwenye kiganja chake.

Mbwa wake aliitwa Watasema. Mnajua watu wa huku wanavyompa mbwa jina ili jirani apate ujumbe bila kugombana. Mume wake alipofariki, maneno yalikuwa mengi, atauza, atahama, ataolewa. Akanunua mtoto wa mbwa, na kila jirani fulani alipopita njiani, alimwita mbwa wake kwa nguvu.

Watasema hakufundishwa na mtu. Masikio ya mwenyewe yalipozimika, yule mbwa alichungulia mambo wiki moja hivi, akaona wageni wanapiga hodi na mama hatoki, mbuzi wanalia na mama hageuki. Akaanza kumvuta leso aliyojifunga kiunoni. Mgeni akija, anavuta pindo la leso, anatangulia mlangoni. Fisi akinusanusa zizini, anavuta. Chai ikifurika, anavuta. Min Otieno naye alimjibu sawasawa kila mara, kwa sauti ya kuchoka kidogo, "Nimesikia, nimesikia."

Siku moja nilienda kuchanja mbuzi, nikamkuta amekaa kizingitini, mkono juu ya tumbo la Watasema.

"Daktari, hii mbwa yangu iko na mimba."

Nilimwangalia mbwa. Alikuwa na mvi mdomoni. Ningeulizwa mapema ningesema amezeeka, asizae tena, lakini hakuna aliyeniuliza, Watasema alikuwa amejiamulia. Nikaandika kiganjani, *Tangu lini?*

"Jumapili tatu zilizopita. Tulikuwa tunatoka kanisani, ile mbwa ya mwalimu ikamfuata mpaka hapa. Nikasema hawa sasa wanaoana."

Nikamwambia mimba ya mbwa ni siku sitini na tatu. Akahesabu kwa vidole, akacheka. "Jumapili tisa. Mungu amerahisisha." Kisha akaacha kucheka, akaniambia jambo lililokuwa moyoni. Otieno, mwanawe pekee, fundi magari huko Nakuru, alikuja Desemba akakuta mbwa ameenda malishoni na mbuzi, mlango wazi, na mtu asiyemjua amesimama jikoni nyuma ya mama yake anayekoroga uji bila habari. Mtu yule alikuwa amepotea njia tu. Lakini Otieno hakulala. Aliondoka akisema wazi kwamba Watasema ni mzee, na siku akifa, mama anafungasha anakwenda Nakuru, kwenye chumba kimoja cha ghorofani na mke na watoto.

"Hapa ndiyo dala yangu, nyumbani kwangu," akasema. "Bwana yangu amelala pale nyuma ya nyumba. Nikienda Nakuru nitakuwa mzigo wa kuwekwa kwa kochi. Mimi nataka mtoto mmoja tu wa Watasema, akae na mama yake, aone kazi. Mmoja tu, nyathina."

Aliniita mtoto wake, na mimi nina wajukuu. Nikamwambia tutajaribu. Usiku ule niliwaota wale sita wa Osiri.

Tulijiandaa kwa Jumapili. Jumapili ya tano nilipapasa tumbo nikahesabu vivimbe, nikadhani wanne. Jumapili ya saba tukaleta sanduku, jipya, la mbao za kreti la nyanya, halikuwahi kuona dawa yoyote. Watasema alikataa pembe niliyopendekeza mimi, akaenda kulala kando ya kitanda cha Min Otieno, tukalisogeza huko. Hilo lilitupa jibu la swali lililokuwa likinisumbua, kwamba mama asiyesikia atajuaje watoto wakilia. "Nitalala mkono ndani ya sanduku," akasema, kama jambo lisilohitaji mkutano. Alichemsha leso zake za zamani, akazianika, akazipiga pasi kama za harusi. Nilimfundisha kumpima Watasema joto asubuhi na jioni, kwamba likishuka chini ya thelathini na saba, watoto wanakuja ndani ya siku moja. Simu yake aliiweka ya kutetemeka tu, kifuani, na ujumbe aliandika kwa herufi kubwa kama anayeita mtu ng'ambo ya mto.

Jumatatu baada ya Jumapili ya tisa, saa moja asubuhi, ukaingia ujumbe: 36.8 AMEKATAA UJI. Nikapanda boda.

Nilimkuta Watasema anahema, anachana leso iliyopigwa pasi. Mtoto wa kwanza alitoka saa nne, wa pili nusu saa baadaye. Wa tatu alitoka mlegevu, bila pumzi. Nilimpasulia utando, nikamfuta pua, lakini wa nne alikuwa ameshaanza kutokeza vibaya na mikono yangu ilihitajika huko. Nikamtupia Min Otieno taulo na mtoto. Hakuuliza. Alimsugua, mgongo, kifua, mgongo, midomo yake ikitembea kwa sala. Wa nne alikuja amekufa. Nilipogeuka, nikasikia sauti nyembamba.

"Amelia?" akaniuliza, akinitazama mdomo.

"Analia."

Akamweka shingoni pake, chini ya taya, akafumba macho. Alikaa hivyo kitambo. "Huyu iko na sauti," akasema, na machozi yakamtoka. Alikuwa jike, mguu mmoja mweupe. Tukamrudisha kwa mama yake, akapata chuchu kabla ya wenzake.

Tulikuwa na watatu. Nilirudi nyumbani siku hiyo nikiimba kwenye pikipiki, na dereva akaniuliza kama nimeokoka.

Wiki mbili na siku kadhaa zikapita vizuri. Watoto walinenepa, macho yakafunguka. Siku hiyo nilikuwa Homa Bay kwenye ofisi kuu nikiwasilisha ripoti ya chanjo, mchana jua kali, simu ikalia ujumbe. DAKTARI MBWA ANATETEMEKA NDANI KAMA SIMU. KWA MACHO HAIONEKANI. NJOO.

Nilisoma mara mbili. Mtu mwenye masikio yake angengoja mpaka mbwa aanguke ndipo ajue. Huyu mama, mkono wake ulikuwa haubanduki juu ya yule mbwa, na ulikuwa umezoea simu ya kifuani. Nilitoka mbio ofisini, nikapita duka la dawa za mifugo nikachukua chupa ya kalsiamu, nikapanda boda. Tulipofika njia ya Lambwe ndipo nikapapasa shingo yangu. Kipimo cha moyo nilikuwa nimekiacha mezani, juu ya ripoti. Chupa nikaiweka kwapani, ndani ya blauzi, na nikamwomba Mzee Ogola msamaha huko aliko.

Nilimkuta Watasema amelala ubavu, miguu imekakamaa, sasa mtetemo ulionekana na kila mtu. Mwili ulichemka. Watoto Min Otieno alikuwa amewatoa, amewafunga kwenye leso. Hii ilikuwa homa ya maziwa ya mbwa, maziwa yamenyonya kalsiamu yote ya damu. Nikaandika kiganjani mwake swali nililopaswa kuandika Jumapili ya tatu. *Alikuwa anakula nini?*

"Nilimlisha vizuri," akasema haraka, mwenye hofu. "Omena ya kusaga, samaki mzima na mifupa, kila siku. Na ile chumvi ya madini ya ng'ombe. Wewe mwenyewe ulituambia kwa baraza, zamani, masikio yangu ikiwa mazima. Mama mwenye mimba apewe madini."

Nilisema hivyo kweli, habari ya ng'ombe. Nilisema pia kwamba karibu na kuzaa yapunguzwe, maana mwili ukizoea kalsiamu ya bure unasahau kuitoa mifupani, na maziwa yakianza unakutwa mtupu. Sehemu hiyo huenda niliisema watu wakiwa wameshasimama kwenda. Mwanamke huyu alikuwa ametunza maneno yangu miaka yote, akamlishia mbwa wake kwa upendo, na mimi sikuuliza swali moja. Nilimwambia kosa ni langu. Akanikata, "Kosa baadaye. Fanya kazi."

Nilinyoa mguu wa mbele, nikapata mshipa. Dawa ya ng'ombe niliipunguza makali kwa maji ya dripu. Mkono mmoja ulishika sindano, mwingine bomba. Kalsiamu ikiingia haraka moyo husimama, na wa kusikiliza moyo hakuwepo. Nikamtazama Min Otieno. Nikachukua mkono wake kwa meno na kiwiko, hivyo hivyo, nikauweka nyuma ya kiwiko cha kushoto cha Watasema. Hakuhitaji maelezo. Aliweka mkono wake mwingine juu ya goti langu, na kwa kila pigo la moyo akagonga goti kwa kidole.

Kidole kilikwenda mbio. Nikasukuma dawa kidogo, nikangoja. Kidole kikaenda mbio. Nikasukuma tena. Kikaanza kutulia, tak, tak, tak. Halafu kikakawia.

"Umepungua," akasema. "Daktari, umepungua."

Niliacha. Tukakaa. Sijawahi kusikiliza kitu kwa bidii kama nilivyosikiliza kile kidole. Kikagonga. Kikagonga tena, sawasawa. Nikaendelea, polepole kuliko nilivyowahi kufanya kazi yoyote maishani. Robo saa hivi ikapita, miguu ikalegea, mtetemo ukakatika. Watasema akapiga miayo mirefu, akageuza kichwa akamlamba bibi yake mkono ule ule uliokuwa juu ya moyo wake. Min Otieno akasema, "Nimesikia, nimesikia." Mimi nikatoka nje kwenda kulilia kwa mbuzi.

Watoto hawakunyonya siku hiyo na iliyofuata. Tuliwalisha maziwa ya mbuzi yenye kiini cha yai, kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Kisha wakarudi kwa mama yao kwa zamu, huku wakionjeshwa uji. Madume wawili walipofikisha miezi miwili walipata kwao, mmoja kwa mwalimu, ambaye mbwa wake alikuwa na deni la malezi. Yule jike wa mguu mweupe akabaki. Min Otieno alimwita Wamechoka. Nilimuuliza nani wamechoka. "Wale waliokuwa wanasema," akajibu.

Nilistaafu Wamechoka akiwa na miezi kumi. Wiki ya mwisho Otieno alinipigia, akaniomba tukutane njia panda twende pamoja kwa mama yake. Alikuja na begi kubwa jipya, tupu, limekunjwa kwapani. Alikuwa kijana mpole, amechoka na barabara. "Dakitari, sitaki ugomvi na mama," akaniambia. "Nimeambiwa Watasema hatoki kivulini tena. Mimi nataka tu mama akae mahali mtu atamsikilizia." Kumwona Wamechoka anacheza nilikuwa nimemwona. Kumwona anafanya kazi, peke yake, bado.

Tulisimama langoni. Min Otieno alikuwa ndani, moshi unatoka jikoni. Watasema alikuwa amelala ukutani, mdomo mweupe wote sasa. Otieno akaita, kwa mazoea tu, "Hodi hapa."

Watasema aliinua kichwa, akaweka mguu mmoja mbele kuanza kunyanyuka. Lakini kitu kilishapita mbio mbele yake, mguu mweupe, masikio yamelala, kikaingia mlangoni bila hata kutubwekea. Watasema akaangalia ule mlango. Kisha akaurudisha mguu wake, akalaza kichwa, akafumba macho.

Kutoka jikoni tukasikia, "Nimesikia, nimesikia, usinirarulie leso." Min Otieno akatokea, unga mikononi, Wamechoka ametangulia. Akamwona mwanawe. Akafurahi, halafu macho yakashuka kwenye lile begi, na furaha ikasimama.

"Begi ni ya nini?"

Otieno alinitazama. Akamtazama yule mbwa mchanga aliyekaa miguuni pa mama yake, anatukagua sisi wawili. Akajisafisha koo.

"Ya viazi, Mama," akasema, akichezesha midomo vizuri ili amwelewe. "Watoto wanataka viazi vya nyumbani."

Min Otieno alimwangalia mdomo muda mrefu kuliko maneno yalivyohitaji. Kisha akaenda kuchukua jembe, na jioni ile tulichimba watu watatu mpaka begi likagoma kufunga zipu.